Aliyewafundisha Watu Kuhama Bila Kuaga

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa kumi na nusu alasiri, Bi Tarehe wa Dawati la Kuhama atafunga droo yake, ataweka ufunguo mezani na kustaafu. Ofisi ya utumishi iliandika kwamba ameitumikia kampuni yetu ya simu kwa miaka thelathini na minne. Yeye aliwarudishia karatasi yao akiwa ameongeza kwa kalamu: "na miezi miwili na siku kumi na moja." Ndivyo alivyo. Hajawahi kupokea hesabu ya muda iliyokatwa mkia.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike habari zake katika jarida letu la wafanyakazi. Mimi ni fundi wa laini, nimezoea ngazi na koleo kuliko kalamu. Kazi hii ilikuwa ya marehemu mke wangu, aliyekaa meza moja na Bi Tarehe kwa miaka kumi na tisa, na ambaye alikuwa na mwandiko mzuri na maneno ya kutosha. Mimi nitayasema ninayoyakumbuka. Bi Tarehe alipoombwa ruhusa alikubali kwa sharti moja, kwamba lile kosa lake kubwa liandikwe lote bila kupunguzwa. Alisema habari za mtu zisizo na kosa husomwa msibani, na yeye bado anakula akashiba.

Alianza kama opereta wa swichibodi. Walioajiriwa juzi hawajui chumba kile kilivyokuwa, ingawa wengine wanakaa ndani yake kila siku, maana ndicho kilichogeuzwa kuwa Dawati la Kuhama. Hakikuwa na dirisha. Wanawake wanane walikaa mstari mmoja mbele ya ubao wenye matundu, kila mmoja na vifaa vya kusikilizia kichwani, nyaya zikipishana mbele yao kama nyuzi za mfumaji. Kulikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto na poda ya mikono. Mteja aliinua simu nyumbani kwake, taa ndogo ikawaka ubaoni, opereta akachomeka waya na kuuliza namba. Bi Tarehe anasema baada ya mwaka mmoja alikuwa akizijua nyumba kwa namna zinavyopokea. Kuna nyumba ya mlio mmoja, ambako mtu amekaa kando ya simu akisubiri. Kuna ya milio sita, ambako simu iko sebuleni na watu wote wako jikoni. Na kuna ile ambako mume na mke wanapokea kwa pamoja, kila mmoja akitaka kujua mwenzake anapigiwa na nani.

Swichibodi ilipozimwa alipelekwa idara ya bili, akakaa huko miaka tisa. Anasema ndiko alikojifunza kwamba bili haimuudhi mtu kwa ukubwa wake tu, humuudhi zaidi kwa kuja asipoitarajia. Kisha sheria ikabadilika. Mwenye simu ya nyumbani akaruhusiwa kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine akiwa na namba yake ileile, na baadaye akahama na intaneti yake pia. Kampuni ikafungua Dawati la Kuhama, wafanyakazi wawili tu: Bi Tarehe wa fomu, na mke wangu wa kupokea simu. Tangu siku hiyo wateja wetu wapya wakaitwa wahamaji, na chumba kikaitwa kambini.

Jina la Bi Tarehe alilipata mwaka uleule. Mteja akifika alisalimiwa, akaulizwa hali ya watoto, akapewa kiti, kisha akaulizwa tarehe tatu. Bili yako hutoka tarehe ngapi? Mkataba wako na wale wa zamani unaisha tarehe ngapi? Unataka tukuwekee laini tarehe ngapi? Mteja asiyejua alitumwa nyumbani kuleta bili ya mwisho, na alitumwa hata kama alitoka mbali. Bi Tarehe alichukua kalenda ya mezani, akachora duara jekundu kwenye tarehe ya bili, la buluu mwisho wa mkataba, la kijani siku ya kuhamia. Halafu akaichana karatasi ya mwezi huo na kumkabidhi mteja akaibandike karibu na simu.

Hili lilileta ugomvi na bohari ya vifaa. Msimamizi wa bohari aliona idara nzima ya mafundi inatumia kalenda sita kwa mwaka na mama mmoja wa kambini anatumia arobaini na tatu. Alipanda ngazi mwenyewe kuja kuuliza kama huwa anazila. Bi Tarehe akamkalisha, akamuuliza kwake anatumia kampuni gani, na mkataba unaisha tarehe ngapi. Alishuka na karatasi ya mwezi wa nane mkononi, yenye maduara matatu. Hakuuliza tena.

Watu wa mauzo nao walimlalamikia kwamba anafukuza wateja. Ni kweli, duara la kijani likitangulia lile la buluu alikuwa akimwambia mteja arudi baada ya siku kumi au ishirini, asije akatozwa faini ya kuvunja mkataba. Wauzaji walihesabu waliotoka mlangoni. Hawakuhesabu kwamba walirudi, tena na mawifi na wakwe zao.

Alikuwa na maneno yake, na wengi wetu tunayasema leo bila kukumbuka yalikotoka. Kuhusu bili ya mwisho ya kampuni ya zamani alisema ni kama mgeni aliyesahau kofia, lazima atarudi, kwa hiyo usifunge mlango. Maagizo yako ya malipo benki yaache mpaka bili hiyo ifike. Kuhusu kurudisha modemu alisema usiiache kaunta ukaondoka, dai karatasi yenye muhuri, kwa sababu modemu haina mdomo, haitakutetea. Aliwahi kuja mwalimu mkuu mstaafu na boksi la viatu lililojaa bili za miezi mitano kutoka kampuni mbili. Bi Tarehe alizipanga sakafuni, akapiga magoti, akazipitia moja moja huku mzee wa watu akimshikia miwani. Ilibainika mwalimu alihamisha simu peke yake, na mkataba wa intaneti ulibaki kule kule unakula taratibu. "Mwalimu," akamwambia, "umehamisha kitanda, godoro umeliacha." Mwalimu alicheka hadi akaomba maji.

Kuna utaratibu mmoja alioanzisha ambao hauandikwi kwenye takwimu za mwaka. Zamani, mwenye jina kwenye bili akifariki, aliyebaki alilazimika kupiga simu idara ya bili akasema amefiwa, akahamishiwa mikataba akasema tena, akahamishiwa ufundi akasema tena, na mwezi uliofuata barua ikaja kwa jina la marehemu ikimpongeza kwa uaminifu wake. Bi Tarehe aliamua kwamba aliyefiwa atasema mara moja tu, kwake, na yeye ndiye atakayezunguka na karatasi idara zote. Nilipofiwa, miaka miwili iliyopita, nilikuwa nimejiandaa kulisema neno lile kwenye kaunta. Sikuhitaji. Bili ya mwezi uliofuata ilikuja kwa jina langu, na ndani yake hapakuwa na pongezi yoyote.

Nitaje na sweta. Chumba kile ni cha baridi tangu enzi za swichibodi, kwa sababu ya mashine. Mke wangu na Bi Tarehe walikuwa na sweta moja la kijivu, walilonunua kwa kuchanga, na lililovaliwa na anayewahi kufika. Walishindana kuwahi. Nyumbani kwangu tulikunywa chai ya moto kupita kiasi kwa miaka mingi, kwa haraka, kwa ajili ya sweta hilo. Baada ya matanga Bi Tarehe alilifua, akalikunja, akaniletea. Nilimwambia, shemeji, lirudishe kambini, kule bado kuna baridi. Liko nyuma ya mlango.

Sasa lile kosa.

Ilikuwa mwezi wa pili tangu dawati lifunguliwe. Alikuja mkunga mmoja mstaafu wa hospitali, aliyekuwa akizalisha wanawake nyumbani kwake katika chumba cha vitanda viwili. Simu yake ilikuwa na namba moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Namba hiyo iliandikwa juu ya mlango wake, kwenye kadi za wajawazito, na zaidi ya hapo ndani ya milango ya makabati ya jikoni ya nusu ya mji, kwa kalamu, kwa mkaa, kwa chochote kilichokuwa karibu. Alitaka kuhamia kwetu kwa sababu laini yake ya zamani ilikoroma kila mvua inaponyesha, na mwanamke mwenye uchungu hawezi kurudia maneno mara tatu.

Bi Tarehe alimjazia fomu vizuri. Maduara yote matatu yalikaa mahali pake. Lakini alikuwa amelelewa na bibi yake, na kwa bibi yake mtu haondoki nyumba ya watu kimya kimya kama mwizi. Kwa hiyo alimwambia mkunga: "Mama, kabla hatujaanza, nenda kawaage wale. Umekaa nao miaka mingi, si vizuri wakasikia kwa wengine."

Mkunga akaliona neno hilo ni la adabu. Jumatatu akavaa nguo nzuri, akaenda kwenye kaunta ya kampuni ya zamani, akawashukuru, akawaaga. Dada wa kaunta naye alifurahi, akamtakia heri, na alasiri ileile akafunga laini. Ombi letu la kuhamisha namba lilifika kwao Jumanne asubuhi. Likajibiwa kwamba namba hiyo haina mwenyewe.

Kwa wasio wa kazi hii, nieleze. Ombi la kampuni mpya ndilo linaloifunga laini ya zamani, na huifunga namba ikiwa tayari imeshikwa upande wa pili. Mteja akienda kuifunga mwenyewe kabla, namba inabaki bila mwenye kuishika. Inarudi kapuni, na kutoka kapuni inaweza kupewa mtu yeyote. Ile ya mkunga ilipewa mtu Alhamisi: gereji ya gia na matairi, ng'ambo ya soko.

Sisi kambini hatukujua lolote, maana jibu lile lilikuwa bado halijatufikia. Mkunga aliwekewa laini yetu ikiwa na namba ya muda, akawa anasubiri ile yake. Jumatatu ya wiki iliyofuata binti yake alipiga simu kambini, na mke wangu akapokea. Alisema simu ya mama yake haijalia wiki nzima, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. "Sasa dada," akasema, "ama wanawake wote wameacha kuzaa, ama nyinyi mmekosea mahali." Mke wangu akamgeukia Bi Tarehe na kumweleza. Bi Tarehe akaipiga ile namba. Ikapokelewa na sauti ya mwanamume, nyundo zikigonga nyuma yake: "Gereji, karibu." Mke wangu aliniambia jioni ile kwamba mwenzake aliirudisha simu mahali pake taratibu, kama anayelaza mtoto.

Alikwenda kwa meneja, akamwambia kosa ni lake, si la mfumo wala la kampuni ya zamani. Meneja wa wakati huo alikuwa mtu mwema. Alipendekeza mkunga apewe namba mpya, nzuri, ya kukumbukika, pamoja na barua ya kuomba radhi. Bi Tarehe akasema barua itaandikwa, lakini haitafika ndani ya milango ya makabati. Meneja akapiga simu kampuni ya zamani. Wakajibu kwamba namba itarudi endapo mwenye nayo wa sasa ataiachia kwa maandishi, na kwamba hawawezi kumlazimisha. Walikuwa sahihi.

Alasiri hiyo nilimpeleka gereji kwa gari la ngazi. Mwenye gereji alikuwa chini ya gari na hakuona sababu ya kutoka, kwa hiyo tulizungumza na viatu vyake. Alisikiliza yote. Kisha viatu vikasema: "Dada yangu, laini hii nimeisubiri miezi minane. Namba nimeshaichora ukutani, kwa rangi ya mafuta, tabaka mbili. Kila mtu na riziki yake." Hakusema kwa ubaya. Tulitazama ukuta, na kweli, namba ya mkunga ilikuwa pale, nyekundu, kila tarakimu urefu wa mkono, na gurudumu limechorwa kila upande.

Mimi nilitaka kubishana. Bi Tarehe akanibonyeza kiwiko. Aliviuliza viatu kama kuna watu wanaopiga kwa kukosea. Vikasema wapo, wanawake, wote na haraka zao, na kwamba amekuwa akiwaambia wamekosea namba na kukata. Wangapi? Akafikiri. "Kama wanne hivi."

Hapo Bi Tarehe akaomba jambo moja. Namba abaki nayo, ila asikate. Atakayepiga amuulize jina na nyumba ilipo, aandike, halafu apige kambini. Mwenye gereji akasema si ingekuwa rahisi kuwatajia namba ya muda ya mkunga. Bi Tarehe akamjibu kwamba mtu mwenye uchungu hatafuti kalamu. Viatu vikasogea, mwanamume akajisukuma nje, akakaa chini, akajifuta mikono. Akakubali. Alisema kuandika hakumpunguzii spana.

Basi kwa siku tisa watoto wa mji ule walipitia njia ndefu. Mama alipiga gereji. Mwenye gereji aliandika jina na nyumba kwenye ukuta wa ndani kwa chaki ya kutilia alama matairi, akampigia mke wangu kambini, mke wangu akampigia mkunga kwa namba ya muda, mkunga akachukua begi lake. Mke wangu alisimulia kwamba bwana yule alianza kwa aibu, akinong'ona neno uchungu kana kwamba ni tusi. Kufika Alhamisi alikuwa anauliza mwenyewe unakuja kila baada ya dakika ngapi. Siku moja alimaliza maelezo yote, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Huyu msimcheleweshe. Nimemsikia mlio wake, umebadilika."

Mwisho wa wiki kambi ilifungwa, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili Bi Tarehe alishinda gereji, amekaa juu ya tairi, simu mapajani. Jumapili mchana mimi na mke wangu tulimpelekea chakula. Alikuwa ndiyo kwanza ananawa mikono bombani simu ilipolia, akapokea mwenye gereji. Tulimwona anasimama wima. Aliyepiga alikuwa msichana, mimba ya kwanza, yuko peke yake nyumbani, analia, hajui kueleza nyumba ilipo isipokuwa kwamba geti ni la buluu. Bwana yule hakuweza kuondoka kwenye simu wala kumpa mwingine. Kila alipotaka kuikabidhi, msichana alipiga kelele asimwache. Kwa hiyo alibaki akisema naye kwa lugha aliyokuwa nayo. "Pole pole, dada. Usikanyage mafuta. Acha ishuke yenyewe. Nipo." Jasho lilimtoka kuliko siku ya kunyanyua injini. Katikati ya hayo akamuuliza kama geti lina ua la chuma katikati. Lilikuwa nalo. Alilichomelea yeye.

Nilimchukua mkunga kwa gari la ngazi, Bi Tarehe akituelekeza kwa maneno ya mwenye gereji. Tulifika kwa wakati. Msichana alijifungua salama, na mpaka mkunga anaingia chumbani simu ile ilikuwa bado haijakatwa upande wa pili.

Tuliporudi gereji, mwenyewe alikuwa amekaa juu ya lile tairi. Tulimwambia ni mtoto wa kike. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akamwambia Bi Tarehe: "Dada, chukua namba yako. Mimi nilitaka namba ya gia. Hii ina roho za watu ndani." Jumatatu alitia sahihi. Bi Tarehe alinunua kopo la rangi nyeupe kwa fedha yake, na mimi nikaegesha ngazi ukutani tukafuta pamoja. Jumatano namba ikarudi kwa mkunga. Mwenye gereji alipata namba nyingine, na kwa miaka mingi wenye magari mabovu waliendelea kupiga kwa mkunga wakiulizia klachi. Mkunga aliwajibu kwamba hapa kinachotengenezwa ni kitu kingine, akawatajia namba ya gereji. Wawili hao walielekezeana watu hivyo hadi gereji ilipofungwa.

Bi Tarehe alikwenda kwa mkunga kuomba radhi, na mke wangu akamsindikiza. Mkunga hakumkaripia. Aliuliza ukuta wa gereji uliandikwa wanawake wangapi. Kumi na mmoja. Akahesabu kwa vidole, akasema wote kumi na mmoja aliwafikia, na watoto wako salama. Bi Tarehe akamwambia kuna wengine, kama wanne hivi, waliokatiwa simu kabla ya chaki, na wengine wasiojulikana idadi waliopiga zile siku namba ilipokuwa imekufa kabisa. Mkunga akasema huenda walikwenda hospitali. Huenda. Hatukuwajua kamwe, na hapa ndipo Bi Tarehe aliposema nisipunguze. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo, mke wangu alimwona mwenzake kila asubuhi akipitia orodha ya waliojifungua hospitali, aliyoomba aletewe, akitafuta jambo ambalo orodha haiwezi kusema.

Kuanzia Alhamisi, siku moja baada ya namba kurudi, kila fomu ya kuhama iliyopita mkononi mwake ilikuwa na mstari wa ziada juu kabisa, kwa mwandiko wake: "Usifunge laini ya zamani. Usiwaage. Sisi ndio tutakaokuagia." Aliomba uchapishwe, akajibiwa kwamba kampuni haiwezi kuonekana inawafundisha watu kukosa adabu. Aliomba tena meneja alipobadilika. Kila meneja alikuwa na sababu yake, naye hakugombana na yeyote. Aliandika kwa mkono. Kwa miaka ishirini na moja, kalamu kwa kalamu, na siku alipougua alimwandikia mke wangu fomu mia mbili za akiba. Katika miaka hiyo yote hakuna namba ya simu iliyopotea ikipitia kambini. Nimeiomba idara ya ufundi iangalie. Hakuna hata moja.

Mwezi uliopita fomu mpya zilitoka kiwanda cha uchapaji, na mstari huo umechapishwa juu kabisa, kwa herufi nene. Meneja wetu wa sasa alimletea nakala ya kwanza mwenyewe. Bi Tarehe aliisoma mara mbili, akaitafutia kasoro, akakuta wameandika "Mteja asifunge." Akaomba ibaki "Usifunge," kwa sababu mtu hasikii anapoitwa mteja. Wamerekebisha.

Kamati ilimwalika mkunga kwenye sherehe ya Ijumaa. Sasa ni mzee sana, na kazi ya kuzalisha imeshikwa na yule binti yake. Katibu wa kamati alimpigia kwa namba ileile, na akapokea mwenyewe. Alifurahi, aliulizia afya ya Bi Tarehe, akatuma salamu nyingi, kisha akasema hataweza kuja. Katibu akamwambia tutaleta gari mpaka mlangoni. Akajibu kwamba gari si tatizo. Siku hizi binti yake huwa chumbani na kina mama, na yeye ndiye anayekaa na simu. Akiondoka, na ikalia, nani atapokea?

Tulipomweleza Bi Tarehe, alivua miwani, akaifuta, akasema ni jibu zuri kuliko zawadi yoyote tuliyoificha kabatini.

Kwa hiyo Ijumaa kiti kimoja kitakuwa wazi, na tunaomba asikae mtu. Bi Tarehe, tunakushukuru kwa kila nyumba uliyoihamisha ikaendelea kupatikana. Tunakutakia afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wenye masikio. Uishi kwa raha, shemeji, miaka mingi, na miezi yake, na siku zake.